Mnywesha Roketi wa Tolliver Springs

Loyd Whisenant aliacha pombe akiwa na miaka tisa, kabla hajaionja. Siku hiyo alisimama mbele ya kanisa la Kibaptisti la Tolliver Springs, akainua mkono wa kulia, akaapa mbele ya Mungu na mbele ya shangazi zake kwamba kileo hakitapita kinywani mwake mpaka kufa. Watoto wengine walioapa naye walikuwa wakitazama nje dirishani. Loyd alilia. Alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema kwamba hajawahi kumshinda adui kwa urahisi namna ile, maana adui mwenyewe hakuwa hata amefika uwanjani.

Kaunti yao, kama nyingi za kaskazini mwa Alabama, ilikuwa imepiga marufuku pombe. Aliyetaka chupa alivuka mpaka kwenda Huntsville, akairudisha chini ya kiti cha gari, akainywea ghalani mlango ukiwa umefungwa. Mpango huo uliwaridhisha wote: walokole walikuwa na sheria yao, na walevi walikuwa na pombe yao. Ni Loyd peke yake aliyeona hapo pana vita ya kupigana. Chuoni, alikokwenda kusomea uhandisi wa kemia, alianzisha chama cha kupinga ulevi. Chama kilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni yeye, na mweka hazina, ambaye alikuwa mwenzake wa chumbani na alijiunga ili aachwe alale.

Moto wake wa pili ulikuwa anga. Warusi waliporusha ule mwezi wao wa chuma, Loyd aliutafuta mbinguni mpaka shingo ikakakamaa, na tangu hapo akawa mtu wa kuhubiri mambo mawili. Aliamini kwamba siku binadamu watakapoiona dunia kutoka juu, duara moja lisilo na ua wala mpaka, wataona aibu kupigana na kubaguana. Alimwambia hivyo kila aliyemsikiliza. Kinyozi wake alisikiliza zaidi kuliko wengine, kwa kuwa kinyozi hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo alipopata kazi kwenye kituo cha roketi nje ya Huntsville, aliona Mungu amemjibu. Walikuwa wakiitayarisha Redstone, roketi ya vita iliyorefushwa tangi na kupunguzwa ukali, ili impeleke mtu juu, nje kabisa ya hewa, kisha aanguke tena baharini salama. Loyd alifika siku ya kwanza na tai mpya. Msimamizi akampeleka nyuma ya jukwaa la majaribio, kwenye tangi kubwa jeupe.

"Idara yako hii hapa. Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Spiriti. Robo tatu spiriti, robo maji."

"Spiriti ya aina gani?"

Msimamizi akamtazama. "Ya kawaida, kijana. Ileile aliyokuwa akinywa babu yako."

Loyd alikaa ndani ya gari lake muda mrefu mchana ule, mkate wa mama yake ukiwa magotini bila kuguswa. Katika viwanda vyote vya nchi ile, katika kazi zote za kemia, za mbolea, rangi, sabuni na dawa ya panya, alikuwa ameichagua ile moja ambamo ingempasa kuwa mwuza pombe. Tena mteja wake alikuwa mmoja tu, mrefu kuliko mnara wa kanisa, na kwa mkupuo mmoja alikunywa malori kadhaa.

Lakini mtu mwenye maneno mengi hakosi la kujifariji. Kabla ya juma kwisha alikuwa amegundua jambo lililomtoa machozi ya furaha. Kulikuwa na mafuta mapya, yenye nguvu zaidi, na roketi nyingine za ukoo uleule zilikuwa zimekwisha kuyatumia. Ila yalikuwa sumu, na wakubwa wakasema mtu akikaa juu ya tangi la sumu, siku ya ajali hataokoka. Kwa sababu abiria ni binadamu, wakarudi kwenye pombe. Loyd aliona hiyo ni habari njema tupu: kile kitu kilichowaangusha watu tangu enzi za Nuhu sasa kimechaguliwa, kwa huruma, kumpandisha mtu mbinguni. Alitamani kumwambia kila mtu. Akamwambia mama yake.

Mama Eula alikuwa akikata bamia. "Inanuka?"

"Kama kliniki hivi."

"Basi usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Kwa mtu kama Loyd hilo lilikuwa kama kushikilia chafya mwaka mzima. Sababu ilikuwa Nadine Sandlin. Nadine alikuwa mwalimu wa darasa la nne na mpiga piano wa kanisa, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kuoana, bado kutangaza tu. Baba yake alikuwa Shemasi Burl Sandlin, mwenye duka la mbegu, aliyeweza kusikia kizibo kikifunguliwa kaunti ya pili. Shemasi alijua tu kwamba mkwe wake mtarajiwa "anashughulika na roketi", na alipokuwa akisikia mngurumo wa majaribio ukitikisa vioo vya duka alikuwa akisema kwa fahari, "Huyo ni Loyd."

Ikafika Jumatano moja ya Machi. Jioni ile kanisani palikuwa na ibada ya vijana kula kiapo cha kuacha vileo, na mhutubu alikuwa Loyd Whisenant. Alikwenda kazini amevaa suti yake ya sufu, juu yake ametia ovaroli, ili kazi ikiisha aondoke moja kwa moja. Roketi ilikuwa imefungwa kwenye jukwaa lake kwa vyuma, tangi limejaa, tayari kuwashwa ingurume papo hapo ilipo. Alasiri upepo ukageuka kuelekea mjini, jaribio likaahirishwa. Sasa ile spiriti yote ilipaswa kurudishwa kwenye lori.

Mwenye lori alikuwa Cleophus, mtu mweusi wa umri wa baba yake Loyd, mwenye sauti nzito na mwendo wa taratibu. Yeye alimwita Loyd "Bwana Loyd". Loyd alimwita "Cleophus". Ndivyo walivyokuwa wakiitana watu wa huko, na yule kijana aliyetaka kufuta mipaka ya dunia hakuwahi kuona ajabu.

Penye kiungo cha mpira wa mafuta palikuwa na kibao, herufi nyekundu: SUBIRI MPIRA UWE MTUPU KABISA. Kibao hicho alikiandika Loyd mwenyewe, na alipokitundika alitoa hotuba fupi kuhusu nidhamu. Siku ile alitazama jua, akawaza vijana wanaomngoja kanisani, akawaza ufunguzi wa hotuba yake, akafungua kiungo.

Mpira haukuwa mtupu. Ulimpiga kifuani kwa nguvu ya punda, ukamvika spiriti kuanzia nywele, ukaingia kwenye kola ya ovaroli na kushuka ndani ya suti mpaka soksini. Cleophus alifunga vali, akasimama akimtazama, spiriti ikimchuruzika bwana mhandisi puani.

"Usipite karibu na mtu mwenye sigara, Bwana Loyd," alisema. "Ukilipuka, tutakutafuta jimbo la Georgia."

"Nina ibada."

"Ya maziko ya nani, yako?"

Loyd akaosha kichwa na mikono kwenye bomba la dharura, akavua ovaroli, na suti akabaki nayo. Hakuwa na nyingine, na kupitia nyumbani kungemchelewesha. Hapo ndipo elimu yake ilipomponza. Mtu asiyesoma angejua kwamba ananuka, basi, angerudi nyumbani. Loyd alijua kiwango cha spiriti kukauka hewani. Akafungua vioo vyote vinne vya gari, akaendesha kwa kasi kwenye baridi ya Machi, akipiga hesabu kwamba upepo ule ungekausha sufu kabla hajafika darajani. Alipofika darajani akanusa mkono wa koti. Hakusikia chochote. Akamshukuru Mungu na kemia. Kumbe pua iliyokaa mle ndani saa nzima ilikuwa imekwisha kufa ganzi, ingeweza kukaa ndani ya pipa na kuripoti kwamba mambo ni shwari.

Akaingia kanisani macho mekundu kwa upepo, mashavu yamewiva, meno yakigongana kwa baridi, nywele zimesimama. Akashika mimbari kwa mikono miwili maana miguu ilikuwa ikitetemeka.

"Vijana wenzangu," alianza, na ulimi wake ulioganda ukateleza kidogo, "nataka mnitazame vizuri, muone mtu ambaye pombe haijamgusa."

Vijana wa mstari wa mbele walimtazama vizuri. Mmoja akajifunika pua na kitabu cha nyimbo. Loyd aliona vichwa vikiinama, mabega yakitikisika, akadhani Roho anafanya kazi. Akapandisha sauti. Alisema juu ya nyumba zilizovunjika na watoto wanaolala na njaa, akalia machozi, akapiga mimbari. Aliponyamaza ili neno liwaingie, akasikika Bibi Zelpha Coker, mjane asiyejua kunong'ona, akimwambia jirani yake:

"Leo somo limekuja na mfano wake."

Shemasi Sandlin alimngoja nje, kwenye ngazi.

"Umekunywa, kijana?"

"Hapana, Shemasi. Nimemwagikiwa kazini. Ni mafuta ya roketi."

"Mimi nauza mbolea na dawa za wadudu, kila siku nashinda na mafuta. Hayo si mafuta. Hiyo ni whisky."

"Si whisky, Shemasi," alisema Loyd, ambaye hakuweza kuacha kosa la kemia lipite. "Ni kali zaidi."

Kwa kanisa lile, jambo kama hilo halikuishia kwenye ngazi. Walikuwa na desturi ya kikao: mshirika aliyetuhumiwa ulevi alisimama mbele ya wenzake, wakamsikiliza, wakainua mikono, akabaki au akatolewa. Loyd mwenyewe aliwahi kuinua mkono mara mbili, tena haraka. Kikao chake kikatangazwa kwa Jumapili ya pili, baada ya ibada. Shemasi hakuficha maana yake. Binti yake hangeolewa na mtu aliyetolewa ushirika, na uchumba ambao haukutangazwa ni rahisi kusahauliwa.

Jumamosi Nadine alimkuta Loyd kwenye chumba cha shule ya Jumapili, akichora roketi ubaoni kwa chaki za rangi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya utetezi wangu. Hapa ni tangi la spiriti, hapa oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, hapa—"

"Loyd. Simama, sema, 'Nilimwagikiwa kazini, samahani kwa harufu.' Halafu kaa."

"Watu wana haki ya kuelewa."

"Watu wana haki ya kwenda kula. Nyama ya kuku itakuwa jikoni tangu asubuhi, wewe utakuwa unawachorea bomba."

"Hunielewi."

"Nakuelewa ndiyo maana nakuomba."

Kesho yake Mchungaji Odom, mtu mpole aliyeogopa mashemasi kuliko shetani, alimpa nafasi. Loyd akausukuma ubao mbele ya kanisa. Aliongea kwa nusu saa. Alianza na Nuhu. Akapita kwa Wachina na baruti yao. Akaeleza tangi, pampu, na moto. Halafu akafika pale alipokuwa akipangoja mwaka mzima, sauti ikapanda yenyewe:

"Ndugu zangu, mnaisikia roketi ikinguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini? Ile ni pombe. Malori kwa malori ya pombe. Mimi ndiye ninayeijaza, kila jaribio, kwa mikono hii. Kwa miaka maelfu imemshusha mwanadamu. Sisi ndio wa kwanza kuilazimisha impandishe."

Hapo ndipo alipogundua, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, kwamba alikuwa ameingia akituhumiwa kunuka pombe mara moja, na sasa amekiri kuishika kila siku.

Bibi Zelpha akainua mkono. "Mimi nina swali tu. Hiyo roketi ni mshirika wa kanisa gani?"

Watu wakacheka, na kwa muda Loyd alidhani ameokoka. Lakini Shemasi hakucheka. Alisimama polepole.

"Ndugu Whisenant, tuache mambo ya mbinguni. Unasema Jumatano ile ulimwagikiwa. Nani aliona?"

"Cleophus, dereva wa lori. Alikuwa pale pale."

Katika kanisa lile hapakuwahi kusimama mtu mweusi isipokuwa ameshika ufagio, achilia mbali kutoa ushahidi utakaopimwa na neno la shemasi. Watu walitazama vitabu vyao vya nyimbo.

"Hakuna mtu mwingine?" aliuliza Shemasi, kwa sauti ya upole hasa.

Loyd alifungua mdomo. Mdomo huo ulikuwa umehutubia mabweni, vituo vya basi na vinyozi. Ulikuwa umetoka kuwapitisha watu kutoka Nuhu hadi mwezini. Ukatoa neno moja.

"Hakuna."

Kura ikapigwa. Waliotaka atolewe wakaombwa wainue mikono, ikainuka kama mahindi. Kwenye benchi la tatu, kati ya mikono ile, Loyd aliuona wa mama yake.

Nyumbani, Mama Eula alimpakulia kuku, mkate wa mahindi na bamia za kukaanga, akamwekea na chai ya barafu.

"Mama, ulipiga kura nitolewe."

"Nilipiga."

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana nimekupikia. Kanuni ni kanuni, na wewe ulisimama ukasema unaijaza kwa mikono yako. Ningefanya nini, nijifanye kiziwi? Nilikwambia usimwambie mtu." Akamsogezea bakuli. "Ongeza bamia."

Jioni Nadine akaja, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaweka mkoba wake katikati yao. Loyd akaelewa kuwa mkoba ule ni ukuta.

"Baba yako amesema usiolewe nami," alisema Loyd.

"Amesema. Hilo ni la baba, nitalijibu mwenyewe. Mimi nina langu." Alikuwa akitazama barabara. "Umeongea nusu saa juu ya pombe, Loyd. Umechora na chaki za rangi. Halafu ukaulizwa kitu kimoja cha kweli, nani aliona, na ulikuwa na jibu."

"Wasingemkubali, Nadine. Unawajua."

"Nawajua. Lakini hukungoja wamkatae wao. Umewafanyia kazi."

Loyd akaanza kusema juu ya hali ya kusini, juu ya mabadiliko yanayokuja taratibu, juu ya dunia kuonekana kutoka juu. Nadine akachukua mkoba wake.

"Ukishamaliza kuiona kutoka juu," alisema, "shuka uniambie."

Kazini kesho yake alimtafuta Cleophus. Alimkuta mahali alipokuwa akila kila siku, ndani ya lori, mlango wazi, mkate wa samaki mkononi. Mkahawa wa wafanyakazi ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na Loyd alikuwa amepita kati ya lori na mkahawa mwaka mzima, akiwaza sayari. Akasimama penye ngazi ya lori, akatoa maelezo marefu, kikao, swali, na jinsi alivyokosa ujasiri wa kulitetea jina la Cleophus.

Cleophus akatafuna, akameza. "Sasa nani alikwambia ningekuja?"

Loyd hakuwa amelifikiria hilo.

"Jumapili? Mimi ndiye besi ya kanisa langu, Bwana Loyd. Nikiwa sipo, kwaya inabaki na wanawake na kijana mmoja anayebweka. Niache kuimba, nije kusimama kwa Burl Sandlin nimweleze umelowaje?"

"Kwa hiyo ungekataa."

"Ningekataa. Tena ningefurahi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Sipati nafasi nyingi za kuwakataa watu wa Tolliver Springs. Hiyo moja ungeniletea, ningekushukuru."

Loyd akauliza jambo aliloonea haya zaidi ya yote. "Cleophus nani? Sijui jina lako la pili."

"Battle."

"Bwana Battle," alisema Loyd, na likamtoka kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Cleophus akamtazama kuona kama ni mzaha, akaona si mzaha, akarudi kwenye samaki wake.

Mwezi wa Mei roketi ikaruka, ina mtu ndani. Loyd hakupelekwa Florida. Waliokwenda walikuwa wakubwa, na wa kuijaza huko walikuwa wengine. Yeye aliitazama kwenye televisheni ya duka la Shemasi, amesimama nyuma kabisa kati ya magunia ya mbegu za pamba, kwa kuwa mtu aliyetolewa ushirika haruhusiwi kusali nao lakini kununua mbolea hajakatazwa. Roketi ilipanda nyembamba na nyeupe, mwali wake haukuonekana sana. Spiriti huwaka kistaarabu. Shemasi alikuwa amevua kofia, midomo ikicheza kwa sala. Kabla kahawa haijapoa, sauti kwenye televisheni ikasema kwamba mtu yule ameshuka baharini, mzima, na helikopta imemwinua.

Watu wakakumbatiana juu ya magunia. Shemasi akageuka, akamwona Loyd, na kabla hajakumbuka kwamba hamsemeshi, akasema, "Ile ndiyo uliyoinywesha?"

"Kwenye majaribio. Ileile."

"Haya," alisema Shemasi, akavaa kofia, akaivua tena. "Haya basi."

Jumapili hiyo Shemasi mwenyewe akatoa hoja kwamba Ndugu Whisenant arudishwe ushirika. Gazeti la kaunti lilikuwa limemwita Loyd "kijana wetu wa roketi", na haikupendeza kijana wa roketi wa Tolliver Springs awe hana kanisa. Watu wakaguna kwa kukubali. Loyd, aliyeitwa na kuketi benchi la mwisho, alimtazama Nadine penye piano. Nadine alikuwa akitazama noti zake. Miezi miwili hakuwa amesema naye ila salamu. Hapo mbele yake palikuwa na kila kitu alichokitaka, kanisa, baraka ya mzee, harusi. Vyote vinamngoja aseme neno moja.

"Nina sharti moja tu," aliongeza Shemasi. "Asitoe hotuba."

Hata Mchungaji Odom alicheka. "Ndugu Whisenant, unataka kurudi?"

Loyd akasimama. "Ndiyo. Lakini—"

Kanisa zima lilishusha pumzi kama gurudumu.

"Maneno machache tu."

"Tumekwisha," alisema Bibi Zelpha.

Loyd alikuwa ameandaa jambo la kurasa tatu, juu ya haki na juu ya sayari. Likamtoka kichwani lote. "Niliulizwa nani aliona. Aliona Bwana Cleophus Battle, tena aliona yote. Mimi nilisema hakuna mwingine, kama kwamba yeye si mtu. Nikirudi, nataka kikao kiseme kwamba shahidi alikuwepo na hakuitwa."

Akakaa. Hakujua afanye nini na mikono. Hakuwahi kumaliza kusema mapema namna ile.

Shemasi alibaki amesimama, shingo imekuwa nyekundu. "Naondoa hoja yangu," alisema.

Hoja isiyo na mwenyewe imekufa. Mchungaji akatazama huku na huku akitafuta jinsi ya kufunga kwa sala. Ndipo Mama Eula akanyanyuka kwenye benchi la tatu, kofia yake ya Jumapili imekaa upande.

"Mimi naitoa. Arudi, na kisemwe alichosema."

"Kuna wa kuunga mkono?" aliuliza Mchungaji, kwa matumaini kwamba hakuna.

"Mimi," alisema Nadine, bila kuinuka kwenye piano.

Mikono ya ndiyo ilikuwa mitatu. Wa tatu ulikuwa wa Bibi Zelpha, ambaye alieleza, ingawa hakuulizwa, kwamba kanisa lile halina mtu mwingine wa kumchekesha. Mikono ya hapana ilikuwa mingine yote.

Loyd akatoka nje kwenye jua. Alitarajia kujiona shujaa, maana vitabuni ndivyo inavyokuwa. Alijiona mtu mwenye njaa aliyepoteza kanisa lilelile mara mbili, jambo ambalo hata walevi halisi wa kaunti ile hawakuwahi kuliweza. Akaenda kwenye gari lake akakuta lori dogo la Shemasi limeegeshwa nyuma yake kabisa, mbele yake ukuta. Hata kuondoka kwa heshima hakuwezekana. Ikambidi asimame pale, ameegemea mlango, washirika wote wakimpita mmoja mmoja na kumsalimu kwa adabu kama wanaotoka msibani.

Wa mwisho walikuwa Sandlin na binti yake. Nadine alikuwa na mkoba wake na vitabu vyake vyote vya piano, mpaka vile vya mazoezi ambavyo hukaa kanisani mwaka mzima. Akaenda moja kwa moja upande wa pili wa gari la Loyd, akafungua mlango, akaviweka vitabu kwenye kiti, akageuka.

"Baba, sogeza gari. Umetuziba."

Shemasi akamtazama binti yake, akamtazama Loyd. Loyd akahisi hotuba inampanda kooni, nzuri, fupi, juu ya upatanisho. Nadine akamkanyaga mguu.

Shemasi akapapasa mfuko wa koti, kisha wa suruali, kisha wa koti tena, akitafuta funguo kwa muda mrefu kuliko funguo zinavyotafutwa. Akazipata. Akapanda lori lake, akawasha, akarudi nyuma polepole mpaka njia ikawa wazi.